Tusibadili Klachi Kabla ya Kuuliza kwa Nini Imekwisha

Katika shule nyingi za sekondari, mada ya msuguano hufundishwa kwa kipande cha mbao kinachovutwa juu ya meza kwa mizani ya springi. Mwanafunzi husoma kipimo, huigawanya nguvu ya kuvuta kwa uzito wa kipande, huandika jibu, na mada hufungwa. Hatua chache kutoka darasani, chini ya mti au katika kibanda cha mabati, fundi amelala chini ya gari akiishusha giaboksi ili abadilishe klachi. Yeye hushughulika na msuguano tangu asubuhi hadi jioni, ingawa pengine hajapata kusikia neno kizigeu. Mwanafunzi ana kanuni asiyoitumia; fundi ana kazi ambayo hakupewa nafasi ya kuieleza kwa kanuni.

Makala haya yanadai kwamba utengano huo ni hasara kwa pande zote mbili. Fundi anayebadilisha klachi bila kuuliza kwa nini imekwisha atamwona mwenye gari akirudi baada ya miezi michache, na gharama italipwa mara ya pili. Mwanafunzi anayejua kanuni bila kuiona ikifanya kazi ataisahau mara tu mtihani utakapopita. Na kijana anayejifunza ufundi bila kuelezwa vumbi la klachi ya zamani lina nini ndani yake huenda akalipa kwa mapafu yake. Kubadilisha klachi si kufungua na kufunga bolti tu. Ni uchunguzi wa kisayansi, na yafaa shule zetu ziutambue hivyo.

Gari la mfano

Tuchukue mfano wa gari moja ambalo historia yake inatuhusu. Mwaka 1969 kampuni ya Nissan ya Japani ilitoa gari dogo la michezo lenye milango miwili, ambalo katika nchi nyingi liliuzwa kwa jina la Datsun 240Z. Mwaka 1971 gari la aina hii, likiendeshwa na Edgar Herrmann, lilishinda mashindano ya East African Safari Rally; lililofuata lilikuwa la aina iyo hiyo, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe alishinda kwa 240Z. Kwa hiyo magari haya hayakuwa mapambo ya barabara za lami. Yalipimwa katika matope, vumbi na milima ya Afrika Mashariki.

Injini yake ina silinda 6 zilizopangwa katika mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Kwa hesabu za kiwanda ilitoa nguvu-farasi 151, na nguvu yake ya kuzungusha, yaani uwezo wa kuusokota mhimili, ilifikia takriban nyutoni-mita 198. Injini iko mbele, magurudumu yanayolisukuma gari yako nyuma, na gia hubadilishwa kwa mkono. Leo magari ya aina hii yaliyobaki yana umri wa nusu karne au zaidi. Wapo wanaoyatunza bado, na klachi zake huisha kama za gari jingine lolote. Tumelichagua kwa sababu mbili: muundo wa klachi yake ni rahisi kueleweka, na umri wake unatulazimisha kuzungumzia jambo ambalo gari jipya halitulazimishi.

Klachi hufanya kazi gani

Injini ya petroli haiwezi kuwashwa na kuendelea kuzunguka ikiwa imefungwa moja kwa moja na magurudumu yaliyosimama. Hapana budi pawepo kiungo kinachoweza kuunganisha, kuachanisha na, kwa muda mfupi, kuteleza kwa utaratibu mpaka pande mbili zilingane mwendo. Kiungo hicho ndicho klachi.

Sehemu zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni flaiwili, gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya nyuma ya kranki ya injini. Ya pili ni sahani ya msuguano, ambayo mafundi huiita klachi pleti. Sahani hii imevishwa kwenye shafti ya kuingilia giaboksi kwa meno yanayoiruhusu kusogea mbele na nyuma, lakini haiwezi kuzunguka bila kuizungusha shafti hiyo. Nyuso zake mbili zimepigiliwa kwa ribiti vipande vya kusugua, ambavyo hapa tutaviita bitana, kwa mfano wa bitana ya koti. Ya tatu ni presha pleti, bamba linaloikandamiza sahani kwenye flaiwili kwa nguvu ya springi. Katika 240Z springi hiyo ni moja, ya duara, iliyopinda kidogo kama sahani ya chakula na kukatwa vidole vinavyoelekea katikati.

Dereva akikanyaga pedeli, mafuta yaliyomo katika bomba huisukuma silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi. Silinda huusukuma uma, uma huisukuma beringi, na beringi huvibonyeza vidole vya springi. Bamba hurudi nyuma na sahani huachwa huru. Dereva akiondoa mguu, springi huikandamiza tena sahani, nayo hushikwa kati ya nyuso mbili za chuma.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukokotoa nguvu inayohitajika. Nguvu ya kuzungusha ambayo klachi yaweza kuibeba ni zao la vitu vinne: kizigeu cha msuguano, nguvu ya kukandamiza, wastani wa nusu kipenyo cha bitana, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Bitana ya 240Z ina kipenyo cha nje cha milimita 225 na cha ndani cha milimita 150. Wastani wa nusu kipenyo ni karibu mita 0.094. Nyuso ni 2. Tuchukue kizigeu cha 0.3, ambacho ni cha kawaida kwa bitana kavu. Ili kubeba nyutoni-mita 198, springi lazima ikandamize kwa nyutoni 3,500 hivi, sawa na uzito wa kitu chenye tungamo la kilo 360. Mtengenezaji huongeza ziada juu ya kiasi hicho, ili klachi isiteleze inapopata joto au bitana inapopungua.

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa msuguano hautegemei eneo la nyuso, kwa nini basi gari lenye injini kubwa hupewa sahani kubwa? Swali hili ni zuri kuliko majibu mengi ya mitihani. Sahani kubwa ina nusu kipenyo kirefu zaidi, kwa hiyo nguvu ile ile ya msuguano husokota kwa uwezo mkubwa zaidi, kama spana ndefu inavyoishinda fupi. Tena eneo kubwa hugawana joto na kuchakaa, na bitana hudumu zaidi.

Sasa tuseme mafuta ya injini yamevuja yakaifikia bitana na kukishusha kizigeu hadi 0.1. Springi ni ile ile na sahani ni ile ile, lakini uwezo wa klachi katika hesabu yetu umeanguka hadi theluthi moja, yaani nyutoni-mita 66. Gari litaunguruma mlimani bila kupanda, hata kama bitana bado ni nene. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu: klachi inayoteleza si lazima iwe klachi iliyokwisha.

Joto na mguu wa dereva

Bitana imetengenezwa ili iishe. Kosa si kuisha, bali kuisha kabla ya wakati. Na kinachoimaliza ni kuteleza, kwa sababu kila klachi inapoteleza nishati hugeuka joto.

Gari lenye tungamo la kilo 1,200 pamoja na watu waliomo, likiondoka mpaka likafikia mwendo wa mita 5 kwa sekunde, yaani kilometa 18 kwa saa, hupata nishati mwendo ya jouli 15,000. Ikiwa dereva ameiacha injini izunguke kwa kadiri moja, na gari likaongeza mwendo sawasawa mpaka klachi iliposhika kabisa, joto lililobaki katika klachi ni sawa na nishati hiyo: jouli 15,000 nyingine. Kwa maneno mengine, nusu ya kazi iliyofanywa na injini katika sekunde hizo imelisukuma gari, na nusu nyingine imeichoma bitana. Hakuna klachi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuikwepa hesabu hii.

Sasa tumfikirie dereva anayelishikilia gari hilo hilo kwenye mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10, kwa kucheza na klachi badala ya kutumia breki. Uzito wa gari hulivuta nyuma kwa karibu nyutoni 1,200. Tuchukue kwamba gia ya kwanza pamoja na difu huizidisha nguvu ya kuzungusha mara 12, na nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.3. Klachi italazimika kubeba nyutoni-mita 30 huku ikiteleza. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, joto litazalishwa kwa kiwango cha wati 4,700. Katika sekunde 10 tu hizo ni jouli 47,000, zaidi ya mara tatu ya joto la kuondoka kwa kawaida, na gari halijasogea hata hatua moja.

Fundi anayemkabidhi mwenye gari klachi mpya bila kumwambia habari hii amefanya nusu ya kazi. Mguu ulioimaliza klachi ya kwanza utaimaliza na ya pili.

Dalili si ugonjwa

Daktari hatoi dawa ya homa bila kutafuta homa imetokana na nini. Fundi naye hana budi kuzitenga dalili tatu ambazo wenye magari huzichanganya na kuziita kwa jina moja, klachi mbovu.

Dalili ya kwanza ni kuteleza. Injini huongeza mizunguko lakini gari haliongezi mwendo. Hudhihirika zaidi katika gia ya juu, gari linapopanda mlima. Sababu yaweza kuwa bitana iliyokwisha, lakini yaweza pia kuwa mafuta kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini au sili ya mbele ya giaboksi, springi iliyopoteza nguvu kwa joto, au pedeli na uma vilivyorekebishwa vibaya hata beringi ikawa inavibonyeza vidole vya springi wakati wote.

Dalili ya pili ni klachi kutokata. Pedeli imekanyagwa hadi chini, lakini gia zinakwaruza au hazikubali kuingia. Hapa bitana mara nyingi haina hatia. Huenda mafuta yamevuja katika masta silinda au silinda ya chini, huenda hewa imeingia katika bomba, huenda sahani imepinda, au meno yake yameshika kutu kwenye shafti kwa gari kukaa muda mrefu bila kutumika. Magari ya kale yanayotunzwa ndani husumbuliwa sana na hili la mwisho.

Dalili ya tatu ni gari kutetemeka linapoondoka. Yaweza kuwa mafuta kwenye bitana, madoa magumu yaliyoachwa na joto kwenye uso wa flaiwili, au mipira ya kushikilia injini iliyochakaa.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu springi ya duara. Springi za koili zilizotumika katika klachi nyingi za zamani hupungua nguvu moja kwa moja kadiri bitana inavyopungua, na dereva hupata onyo mapema. Springi ya duara haifanyi hivyo. Kwanza nguvu yake ya kukandamiza huongezeka kidogo, kisha huanza kushuka. Ndiyo maana klachi ya gari kama 240Z yaweza kuonekana nzima kwa muda mrefu, kisha ikafika mwisho kwa ghafula. Mwenye gari husema imeharibika jana, kumbe imekuwa ikiisha kwa miaka.

Kazi yenyewe

Katika 240Z giaboksi hushushwa kutoka chini. Betri huachanishwa kwanza. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, kwa maana jeki ni chombo cha kuinulia. Si cha kulalia chini yake. Maisha yamepotea kwa kulidharau neno hili. Kisha hutolewa mkono wa gia, propela, kebo ya spidomita, stata na silinda ya klachi. Silinda yaweza kufungwa pembeni kwa waya bila kulifungua bomba lake, ili hewa isiingie. Propela inapotoka, mafuta ya giaboksi hutiririka, kwa hiyo tundu huzibwa. Injini hutegemezwa kwa ubao, ubao wa kushikilia giaboksi wa chini hufunguliwa, bolti za kuunganisha giaboksi na injini hutolewa, na giaboksi huvutwa nyuma ikiwa imenyooka. Asiachwe mtu aining'inize giaboksi kwenye shafti yake, maana uzito huo huipinda sahani.

Hadi hapo kazi ni ya misuli. Kuanzia hapo ni kazi ya macho na vipimo. Bolti za presha pleti hulegezwa kwa zamu, kila moja kidogo, kwa kuvuka kutoka upande huu hadi ule, ili springi isilipinde bamba. Sahani ikitoka, fundi apime kina kutoka uso wa bitana hadi kichwa cha ribiti. Kikomo ni milimita 0.3. Ikiwa kina ni kikubwa kuliko hicho na sahani ni kavu na nyoofu, basi bitana siyo iliyosababisha kuteleza, na uchunguzi uendelee kabla ya kununua kitu.

Bitana iliyolowa mafuta humpeleka fundi kwenye sili. Flaiwili yenye rangi ya buluu humwambia kwamba joto lilizidi. Ribiti zilizochora mifereji kwenye chuma humwambia kwamba gari liliendeshwa muda mrefu baada ya kuonya. Sahani iliyoliwa upande mmoja zaidi ya mwingine humtaka aangalie unyoofu wa mihimili. Kila alama ni ushahidi, na ushahidi huo hufutika mara tu sahani inapotupwa jalalani. Kwa hiyo mwenye gari aonyeshwe sahani ya zamani, na fundi aeleze alichokiona.

Hapo ndipo panapokuja hoja ya gharama, na haifai kuipuuza. Mwenye gari hutaka gari jioni, na hutaka kulipia sahani peke yake. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kuishusha na kuirudisha giaboksi. Kazi hiyo ni ile ile, iwe umebadilisha sahani pekee au umebadilisha pia presha pleti, beringi, sili ya nyuma ya injini na bushi ndogo ya shaba inayoishikilia ncha ya shafti katikati ya kranki. Kuacha sili inayovuja ili kuokoa fedha kidogo, kisha kuishusha tena giaboksi baada ya miezi michache, si uchumi. Ni kulipa mara mbili kwa jambo moja.

Kwa magari ya ukoo wa 240Z kuna mtego mmoja unaofaa kutajwa. Nissan ilitengeneza presha pleti za vimo tofauti kwa magari hayo, na kila kimo kina kola yake ya kushikilia beringi. Anayefunga presha pleti ya gari moja na kola ya jingine ataona kila kitu kimeingia vizuri. Lakini kola ikiwa fupi mno, klachi haitakata. Ikiwa ndefu mno, haitashika sawasawa. Hapo wengi hulaumu masta silinda, hubadilisha, na tatizo hubaki palepale. Rula na dakika 5 za kulinganisha sehemu za zamani na mpya mezani zingelizuia.

Wakati wa kufunga, sahani lazima iwe katikati kabisa, la sivyo shafti haitaingia. Kifaa cha kuiweka katikati si lazima kinunuliwe. Kipande cha mti kilichochongwa vizuri kifuate tundu la sahani na la bushi kinatosha. Nyuso za chuma husafishwa mafuta ya kuzuia kutu ambayo presha pleti mpya huja nayo. Meno ya shafti hupakwa grisi kidogo sana, kwa kuwa inayozidi hurushwa na mzunguko hadi kwenye bitana. Bolti hukazwa kwa zamu, kama zilivyolegezwa.

Vumbi

Sasa tulifikie jambo ambalo umri wa gari hili unatulazimisha kulisema. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, bitana za klachi na za breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba yanayostahimili joto. Nyuzi hizo zikivutwa ndani na pumzi hubaki katika mapafu. Zinaweza kusababisha kovu la mapafu, saratani ya mapafu na saratani ya utando unaoyazunguka mapafu, na aghalabu ugonjwa huonekana baada ya miaka 20 hadi 40. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani imeziweka aina zote za asbesto katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Uingereza ilipiga marufuku krisotili, aina iliyotumika sana katika bitana, mwaka 1999.

Ni kweli kwamba joto la klachi huzigeuza nyingi za nyuzi hizo kuwa madini mengine kabla hazijawa vumbi. Lakini haligeuzi zote, na anayepiga msasa bitana ya zamani au kuitoboa hukutana na nyuzi ambazo hazijaguswa na joto. Tena haiwezekani kuitambua asbesto kwa macho. Gari lenye umri wa miaka 50 huenda limekwisha badilishiwa klachi mara kadhaa, na hakuna ajuaye sahani iliyomo ilitoka wapi. Busara ni kulihesabu kila vumbi la klachi ya zamani kuwa na asbesto.

Pamoja na hayo, tendo la kawaida katika gereji nyingi ni kulipuliza vumbi hilo kwa hewa ya kompresa au kwa mdomo, au kulifagia likiwa kavu. Anayekaa karibu zaidi ni kijana anayejifunza kazi, yule anayeambiwa ashike taa. Kinga yake haigharimu mitambo. Kabla ya kugusa, nyuso zinyunyiziwe maji yenye sabuni kidogo mpaka zilowe. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Kitambaa na sahani ya zamani vitiwe katika mfuko wa plastiki ufungwe. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani penye watoto. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii nyuzi nyembamba kiasi hiki, kwa hiyo mtu asikitegemee. Maji ndiyo kinga ya kwanza.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba elimu hii imepitwa na wakati, kwa kuwa magari mengi mapya hubadilisha gia yenyewe, na yale ya umeme kwa kawaida hayana klachi kabisa. Ni kweli. Lakini matrekta, malori na pikipiki zinazobeba abiria na mizigo katika miji na vijiji vyetu bado zina klachi. Klachi ya pikipiki nyingi ina sahani kadhaa zinazofanya kazi ndani ya mafuta, na mwanafunzi aliyeelewa hesabu iliyotangulia ataona mara moja kwa nini: kizigeu kikiwa kidogo, idadi ya nyuso huongezwa. Kanuni ni moja, vyombo ni vingi.

Wengine watasema kwamba shule si gereji. Nasi hatutaki iwe gereji. Tunachotaka ni kwamba anayesoma fizikia aweze kuitambua fizikia anapokutana nayo ikiwa na mafuta na masizi, na kwamba anayeshika spana aheshimiwe kama mtu anayechunguza, si kama mtu anayebahatisha.

Pendekezo kwa walimu

Mwalimu wa fizikia anaweza kuanza muhula ujao bila fedha nyingi. Jaribio la kipande cha mbao libaki, lakini lirudiwe uso wa chini ukiwa umebandikwa mpira, kisha ukiwa umepakwa mafuta, na wanafunzi walinganishe vizigeu. Kisha wapewe vipimo vya klachi ya 240Z wakokotoe wenyewe nguvu ya springi, na joto la dereva anayelishikilia gari mlimani. Mwishowe fundi wa jirani aalikwe darasani, aeleze jinsi anavyotofautisha klachi inayoteleza na ile isiyokata, na wanafunzi waandike sababu za kila dalili. Mwalimu asilete darasani sahani ya zamani iliyo wazi. Alete mpya ambayo muuzaji amethibitisha kuwa haina asbesto, au atumie picha.

Fundi naye ataondoka na kitu. Atakuwa amesikia juu ya vumbi, na huenda tangu siku hiyo akaweka ndoo ya maji kando ya gari kabla ya kuigusa sahani. Ndoo hiyo moja ingetosha kuwa malipo ya kipindi kizima.